Kuujaza Mtungi Unaovuja

Panya amelala chali juu ya kibao chenye joto. Miguu yote minne imebanwa kwa plasta, na pua imeingizwa kwenye koni ndogo inayompulizia nusukaputi. Ana gramu 27. Ukimweka kwenye mizani ya muuza dagaa, mshale hausogei. Fundi ameshampasua ngozi ya shingo, pasuo la sentimita moja hivi, na sasa anatenganisha nyama kwa vibanio viwili butu huku macho yamezama kwenye hadubini. Namwita fundi kwa makusudi, maana neno "mtafiti" huficha mikono.

Anachokitafuta ni ateri ya shingo, upande wa kushoto. Hiyo hapo, inapiga kasi kuliko jicho linavyoweza kuhesabu. Ubavuni mwake umelala mshipa wa fahamu uitwao vagasi, mweupe, mwembamba kama uzi uliochomoka kwenye kanga. Umeshikamana na ateri, nao haupaswi kukatwa wala kuvutwa, kwa kuwa ndio unaopeleka habari za moyo na tumbo kwenye ubongo na kurudi. Fundi anaubandua kwa ncha ya kibanio, milimita kwa milimita. Kisha anapitisha nyuzi mbili za hariri chini ya ateri. Ya upande wa kichwa anaifunga kabisa. Ya upande wa moyo anaivuta tu, damu isimame kidogo. Anatoboa tundu kwa mkasi mdogo, anaingiza mrija, anakaza uzi, na damu inapanda ndani ya mrija kama wino kwenye kalamu.

Upande wa kulia ni kazi ile ile, ila safari hii ni vena, nayo hujikunja kama karatasi iliyolowa. Mrija wa vena ni wa kumimina. Wa ateri ni wa kuchota. Yote miwili hupitishwa chini ya ngozi na kutokezea nyuma ya shingo, katikati ya mabega, mahali ambapo panya hawezi kupafikia kwa meno wala kwa kucha.

Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, Marekani, waliichapisha njia hii pamoja na filamu yake. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu asiye na maabara. Wengine hutazama mpira.

Baada ya kushonwa, panya hupumzishwa siku tano au zaidi, akipimwa uzito kila siku. Asiporudi angalau kwenye asilimia 90 ya uzito aliokuwa nao kabla ya kupasuliwa, hafai. Mwili ulio kwenye maumivu hauisikii insulini vizuri, na ukiupima wakati huo utakuwa umepima kidonda.

Swali lenyewe ni jepesi kulitamka. Insulini hutoka kwenye kongosho. Ikifika kwenye misuli na kwenye mafuta hubisha hodi ili sukari iingie. Ikifika kwenye ini huliambia liache kutengeneza sukari mpya. Mwili msikivu huitika kwa hodi ya kwanza. Mwili mzito wa kusikia huitika baada ya hodi ya kumi. Basi, utajuaje mwili huu ni wa aina gani? Mtu atasema: pima sukari asubuhi kabla hajala. Tatizo ni kwamba kongosho, likiona halisikiwi, hupandisha sauti. Humwaga insulini mara mbili, mara tatu, na sukari ya asubuhi ikabaki sawasawa kwa miaka. Ni kama nyumba ambayo mama anapiga kelele tangu alfajiri: vyombo vimeoshwa, ua umefagiwa, na mgeni anasifu watoto wasikivu. Mgeni ametazama vyombo. Sauti ya mama hakuisikia.

Reubin Andres, daktari aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa uzee huko Baltimore, alikuwa na jibu ambalo mpaka leo sijachoka kulistaajabia. Yeye na wenzake, Ralph DeFronzo na Jordan Tobin, walilieleza kinagaubaga mwaka 1979, na njia yao ikaitwa klampu, yaani kibanio. Chukua mtungi uliotoboka. Unataka kujua tundu ni kubwa kiasi gani, lakini huwezi kuingia ndani ukalipime. Basi mimina maji juu huku yanavuja chini, na urekebishe mkono mpaka maji yasimame kwenye alama, hayapandi wala hayashuki. Sasa acha kuutazama mtungi. Tazama mkono wako. Kiasi unachomimina kwa dakika ndicho kiasi kinachovuja kwa dakika.

Ndani ya mwili, insulini inayoingizwa kwa mwendo usiobadilika ndiyo inayofungua tundu, na maji ni glukosi. Mwili msikivu huinyonya sukari haraka, kwa hiyo fundi hulazimika kumimina nyingi ili damu isiishiwe. Mwili mzito wa kusikia hunyonya kidogo, na fundi humimina kidogo. Kongosho lipige kelele au linyamaze, sauti inayosikika sasa ni moja, nayo imewekwa na fundi mwenyewe.

Kwa binadamu kazi hii inahitaji kitanda, sindano na uvumilivu. Edward Kraegen na wenzake huko Sydney walionyesha mwaka 1983 kwamba inawezekana kwa panya mkubwa wa maabara aliye macho. Lakini wanyama ambao jeni zao zilikuja kuwa rahisi kuzibadilisha ni wale panya wadogo, na panya mdogo ana damu ya mililita 2 hivi tu mwili mzima. Hiyo haijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Kila tone unalochota kupima ni sehemu ya uhai wake, nawe unataka kuchota kila baada ya dakika 10, kwa saa mbili na zaidi.

Siku yenyewe huanza kwa njaa, lakini njaa ya kiasi. Panya hula usiku. Ukimnyima chakula usiku kucha hujamfungisha, umemtesa kwa njaa kali. Saa tano au sita za mchana zinatosha. Anawekwa kwenye chombo chake, huru, mirija imening'inia juu kwa mhimili unaozunguka, kwa hiyo anaweza kutembea, kujilamba, hata kulala. Zipo maabara zinazochota damu kwenye ncha ya mkia huku mnyama amebanwa. Kikundi cha Nashville kilizilinganisha njia hizo mbili mwaka 2006: mnyama aliyebanwa damu yake hujaa homoni za hofu, na homoni hizo huliamuru ini litoe sukari. Hapo ndipo thamani ya mrija wa ateri inapoonekana. Fundi huchota damu umbali wa mkono mmoja, na panya hata hajui.

Tone la kwanza kwenye kipima sukari. Tuseme ni milimoli 7 kwa lita. Insulini inaanza kuingia. Baada ya dakika 10, namba ni 5.6. Anayejifunza hushtuka, hufungua glukosi kwa nguvu, na dakika ya 20 anakuta 10. Anafunga. Dakika ya 30 ni 4. Mchana mzima anafukuza namba, naye panya anapandishwa na kushushwa kama mtumbwi kwenye mkondo wa Nungwi. Fundi aliyekomaa hafukuzi. Anajua kwamba anachokimimina sasa kitaonekana baadaye kidogo, kwa hiyo hasomi namba tu, husoma inaelekea wapi na kwa kasi gani. Nahodha wa jahazi lililojaa boriti hageuzi usukani anapouona mwamba; alishaugeuza zamani. Kwenye filamu utaona mkono unaenda kwenye pampu, unasita, unaongeza kidogo sana, unarudi mapajani. Dakika ya 80: 7.1. Dakika ya 90: 6.9. Dakika ya 100: 7.0. Hakuna kinachotokea, na kutotokea huko ndiko kazi yenyewe.

Wakati wote huo, kwenye mrija wa vena zinapita pia chembe nyekundu za damu, zilizooshwa, kutoka kwa panya mwingine wa ukoo huo huo, kufidia zilizochotwa. Na inapita glukosi iliyotiwa alama ya mnururisho. Alama hii ndiyo inayomwezesha fundi kutenganisha sukari aliyoimimina yeye na sukari ambayo ini limeitoa kwa siri. Karibu na mwisho huingizwa sukari ya pili, ya bandia, ambayo seli huipokea kama glukosi ya kweli lakini haiwezi kuichoma, ikishaingia hunasa. Baadaye utaikuta ndani ya msuli wa paja, ndani ya moyo, ndani ya mafuta ya tumbo, kila mahali kwa kiasi kilichonyonywa. Yaani mtungi una matundu mengi, na fundi anakuja kujua ukubwa wa kila moja.

Ndiyo maana wanaochunguza vimeng'enya vya mafuta waliikimbilia klampu. Mwaka 2001 Jason Kim, Gerald Shulman wa Yale na wenzao walichukua kimeng'enya kinachoitwa laipoprotini lipasi. Huyu ni kama bawabu: hukaa kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, huyavunja mafuta yanayopita na kuyaingiza ndani ya tishu. Walikuwa na panya ambao bawabu amezidishwa kwenye misuli, na wengine ambao amezidishwa kwenye ini. Misuli ya wa kwanza ilijaa mafuta mara tatu ya kawaida. Maini ya wa pili mara mbili. Klampu ikasema jambo ambalo kipimo cha sukari ya asubuhi kisingelisema kamwe: wa kwanza wamekuwa viziwi kwenye misuli, wa pili wamekuwa viziwi kwenye ini. Uziwi ulifuata mafuta mpaka chumba yalipowekwa.

Kwa nini mafuta yazibe masikio, hilo lina mjadala wake. Shulman ameshikilia miaka mingi kwamba mwenye kosa ni diasiligliseroli, kiungo cha njiani katika kutengeneza mafuta ya akiba, ambacho huamsha kimeng'enya kinachoizuia hodi ya insulini isipite. Wapo wasioridhika. Mimi naliacha hapo, kwa kuwa kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha kimeng'enya kingine.

Chukua sufuria ya mchuzi wa nyama uliolala. Asubuhi juu pana utando mweupe mgumu. Unaupasua kwa kijiko. Sehemu ya ugumu huo ni asidi ya steariki, mnyororo wa kaboni 18 ulionyooka kama fimbo. Fimbo hupangika vizuri, ndiyo maana yenyewe haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 69 hivi za Selsiasi. Chupa ya mafuta ya parachichi kwenye rafu inatiririka, na sehemu kubwa ya mafuta yake ni asidi ya oleiki. Nayo ina kaboni 18, zile zile. Tofauti ni hidrojeni mbili tu zilizoondolewa katikati, kati ya kaboni ya 9 na ya 10, na mnyororo ukapinda. Fimbo zilizopinda hazipangiki, na asidi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 13 au 14.

Miili ya wanyama hufanya pindo hilo kila siku kwa kimeng'enya kinachofupishwa SCD1. Mwaka 2015 zilipatikana picha za umbo lake, na ndani yake kuna handaki lililopinda. Mnyororo ulionyooka unaingia, unalazimishwa kukaa kwa kupinda, na pale pale kwenye kona ndipo hidrojeni zinapong'olewa. Seremala anayetumia kalibu hawezi kukosea mahali pa kukata, hata akitaka.

Mtu ambaye jina lake limefungamana na kimeng'enya hiki kuliko wengi ni James Ntambi, mzaliwa wa Uganda. Alisoma Makerere, akaenda kuchukua uzamivu Johns Hopkins, Baltimore, mji ule ule wa Andres. Mwaka 1988, akiwa na Daniel Lane na wenzao, alieleza jeni ya kimeng'enya hiki kwenye seli zinazogeuka kuwa seli za mafuta. Tangu hapo, na baadaye kwenye maabara yake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, hajakiacha. Ni zaidi ya miaka 30 na kimeng'enya kimoja. Kwa miaka mingi pia amekuwa akiwaleta Uganda wanafunzi wa huko Wisconsin kujifunza lishe na afya vijijini, jambo ambalo kwangu linaonyesha mtu anayejua chakula kina harufu.

Panya asiye na SCD1 unamtambua kabla hujapima chochote. Macho yamefumba nusu, kwa kuwa tezi zinazoyapaka mafuta zimenyauka. Ngozi kavu, manyoya yamepungua. Kulikuwa na ukoo wa panya wa namna hii uliogunduliwa mwaka 1965, ukaitwa asebia, na kwa miaka 34 watu wa magonjwa ya ngozi walimwona kama mgonjwa wa ngozi tu, mpaka mwaka 1999 ilipobainika kwamba kilichoharibika ni jeni hii. Kisha mwaka 2002 Ntambi na wenzake wakaonyesha upande wa pili: panya hawa hula zaidi ya wenzao na bado ni wembamba, huchoma oksijeni nyingi, na insulini wanaisikia vizuri zaidi. Mwaka uliofuata maabara hiyo hiyo ikaonyesha kwamba ndani ya misuli yao ujumbe wa insulini unapita kwa nguvu zaidi.

Unaweza kufikiria furaha iliyokuwapo. Zima kimeng'enya kimoja, umetibu unene na kisukari. Mtu mwenye haraka angeishia hapo, na angekuwa tajiri wa maneno. Wao wakaanza kuuliza: kizimwe wapi? Walikizima kwenye ini peke yake. Mwaka 2007 wakaripoti kwamba panya alikingwa dhidi ya unene wa wanga na sukari, lakini si dhidi ya unene wa chakula cha mafuta. Walikizima kwenye ngozi peke yake, na mwaka 2009 likatoka jibu ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka kwa sauti. Kukizima kwenye ngozi tu kulitosha kumfanya panya achome nishati nyingi na asinenepe hata kwa chakula cha mafuta. Wataalamu wa Köln, Ujerumani, walikuwa wameshaonya miaka miwili nyuma: ngozi isiyo na mafuta yake huvujisha maji na joto, na panya anachoma chakula usiku na mchana ili asigande. Sehemu kubwa ya siri ya wembamba ule ilikuwa baridi. Mtungi mwingine uliotoboka, huu wa joto.

Na kulikuwa na pigo lingine. Mwaka huo huo wa 2007, maabara ya Ntambi pamoja na ya jirani yake Alan Attie, hapo hapo Madison, walikizima kimeng'enya kwenye panya wanene wasio na leptini, homoni ya shibe, wa ukoo unaoelekea kupata kisukari kikali. Kwa ndugu zao wembamba, usikivu wa insulini uliongezeka, kama ilivyotarajiwa. Kwa wanene, mafuta yalipungua mwilini na kisukari kikazidi. Seli za kongosho zilizojaa mafuta yasiyopinda zilishindwa kutoa insulini. Kimeng'enya kilichodhaniwa mchawi wa misuli kilikuwa mlinzi wa kongosho.

Sijifanyi sioni: panya wa klampu hatoki mezani hai. Saa ya mwisho hudungwa dawa ya usingizi usioisha kupitia mrija ule ule asiouhisi, na tangu hapo sekunde zina thamani. Ini, msuli wa shavu la mguu, msuli wa paja, moyo, mafuta, vyote hutolewa na kugandishwa kwa baridi ya nitrojeni ya kimiminika kabla vimeng'enya havijaendelea na kazi zao bila mwenyewe. Huu ndio wakati pekee ambapo mikono ya fundi inakimbia. Majibu ya misuli na ini huja siku nyingi baadaye, tishu zikishasagwa na mnururisho kuhesabiwa.

Kesho yake kuna panya mwingine, wa kikundi kile kile, aliyepasuliwa siku tano zilizopita. Kabla ya kupasuliwa alikuwa na gramu 27, kwa hiyo mpaka wake ni 24.3. Manyoya yamelala vizuri, anakula, macho yake yanang'aa. Pampu zimeshajazwa, chembe nyekundu zimeshaoshwa, na saa ya kuanza imeshaandikwa ubaoni. Fundi anamweka kwenye mizani, anasubiri atulie: 24.1. Anasubiri tena, maana panya akitikisa mkia namba hucheza. 24.1. Anafuta saa ubaoni, anamrudisha kwenye kizimba, na kumwongezea chakula.